Nilivyolidanganya tangi la ndege

Najua nimekuwa kimya toka tufungue chuo, na wengine mmeanza kunitumia meseji eti nimedisko. Sijadisko jamani, nipo, nadunda, bumu limechelewa kama kawaida yake na mwenzenu nasukuma siku kwa chipsi kavu, lakini nipo. Kimya changu kina sababu. Kuna kitu kilinitokea field na nilikuwa natafuta namna ya kukiandika bila kujichoresha. Nimeona namna hiyo haipo, kwa hiyo leo najichoresha tu.

Mnakumbuka mwezi wa saba kila mtu alivyokuwa anahangaika na barua za field. Wenzangu wakapata viwandani hapa hapa Dar, wengine bandarini, mimi kila nilikopeleka barua naambiwa nafasi zimejaa. Mwishowe nikaishia nyumbani, Kakola. Kwa msioijua, Kakola ni mji uliojibanza pembeni ya mgodi wa Bulyanhulu, mkoa wa Shinyanga, ukijisogeza kidogo tu uko Geita. Mgodi wenyewe ni wa chini kwa chini, ulifunguliwa 2001, na sisi tuliozaliwa karibu nao tumekua tunaangalia ndege ndogo zinashuka kwenye kiwanja cha mgodi kuleta na kuchukua watu. Ukiniuliza kwa nini nasoma uinjinia, jibu la kwenye fomu ni lingine, ila jibu la kweli ni zile ndege.

Field yangu nikafanyia kwa bamdogo. Bamdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Zamani alikuwa kwa mkandarasi mmoja wa kule mgodini, huko ndiko alikojifunza tigi, yaani ule uchomeleaji wa sindano ya tangsteni na gesi ya agoni, unaochomelea hata alumini. Halafu ikaja 2017, serikali ikazuia makinikia kusafirishwa nje mwezi wa tatu, baadaye mwaka ule mgodi ukapunguza shughuli, na watu wengi wakarudi mtaani. Bamdogo akiwa mmoja wao. Kiinua mgongo chake akanunua mashine ya tigi ya mtumba, akafungua kibanda cha mabati barabarani, na toka hapo anaishi kwa makarasha ya wachimbaji wadogo. Karasha likipasuka anaitwa, tangi la dizeli la jenereta likivuja anaitwa, hata geti la kanisa ni yeye.

Asubuhi ya kwanza nimefika na ovaroli jipya na daftari la field. "Mwangaluka bamdogo." "Mwangaluka, injinia." Akaniangalia ovaroli, akacheka, akanipa ufagio.

Sasa tuje kwenye tangi. Kuna mzee mmoja rubani mstaafu, anakaa Mwanza, kila mtu anamwita Kapteni. Miaka yake ya kazi aliwahi kutua mara nyingi kwenye kile kiwanja cha mgodi. Alipostaafu akanunua ndege ambayo mtu alianza kuiunda akaishia katikati, aina ya Zenith CH 701. Hii ni ndege ya viti viwili iliyobuniwa na Chris Heintz miaka ya 1980, imechorwa ili mtu aweze kujijengea mwenyewe karakana ya nyumbani kwa bati la alumini na riveti, na sifa yake kubwa ni kuruka na kutua kwenye kiwanja kifupi. Ya Kapteni ilikuwa na mabawa, ilikuwa na mkia, haikuwa na matangi ya mafuta. Yanakaa mawili, moja kila bawa, kila moja kama lita 38. Kapteni alikuwa anamfahamu bamdogo toka enzi za mgodini, akaja na michoro yake kwenye bahasha, akauliza: "Fundi, hii unaiweza?" Bamdogo akaitazama kama dakika kumi, akasema ataiweza, na huyu mwanafunzi wake ataandika ripoti.

Najua mshaanza kucheka. Ndege ya kujiundia, Kakola! Lakini msicheke sana. Kule Kenya yupo Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta tu, ameunda ndege zaidi ya moja uani kwake na dunia ikamwona kwenye luninga. Kwetu hapa aliwahi kutokea fundi wa Tunduma na helikopta yake. Na Morogoro ipo kampuni ya Airplanes Africa Limited inayounganisha ndege ndogo za Skyleader, siyo utani. Ndege ndogo ni bati, riveti, injini, na subira. Sehemu ngumu ni kila kiungo kiwe kweli kile unachosema ni.

Tangi kwa mfano. Mtaani tangi ni kopo la kuwekea mafuta, likivuja unaweka sabuni ya mche kwenye tundu unaendelea na safari. Kwenye CH 701 mabawa yako juu ya chumba cha rubani, kwa hiyo tangi liko juu ya vichwa vya watu. Lita 38 za petroli ni kama kilo 28. Tangi likivuja hewani hamna pembeni ya barabara ya kusimama.

Swali la kwanza nililouliza ni kwa nini tusitumie bati la chuma, ambalo bamdogo analichomelea amefumba macho. Akaniambia piga hesabu mwenyewe, si ndo unachosomea. Nikapiga. Sanduku la sentimita 80 kwa 40 kwa 12 linaingiza lita 38 na pointi. Ukijumlisha pande zote sita unapata bati la mita za mraba 0.93. Kwa unene wa milimita 1.2, alumini ni kilo 3, chuma ni kilo 8.7. Matangi mawili, umeokoa zaidi ya kilo 11, kwenye ndege ambayo ikiwa tupu haifiki hata kilo 300. Halafu chuma kinaota kutu kwa ndani, na kutu inatembea na mafuta mpaka kwenye kabureta.

Swali la pili, kwa nini kuchomelea. Ndege za Van's za Marekani, zile za RV, matangi yake yanapigwa riveti halafu yanazibwa kwa uji mzito maalumu kila mshono. Inafanya kazi vizuri kabisa, ila uji wenyewe unaagizwa mbali, unaharibika ukikaa, na Kakola jua ni lile lile. Kuchomelea kunataka bati, gesi na mkono. Bati na gesi vinanunuliwa.

Bati nalo siyo bati lolote. Alumini ya 6061 iliyotiwa ugumu kwa joto ni ngumu kweli, lakini ukiichomelea, joto lile lile linaivua ugumu pembeni ya mshono, inabaki karibu nusu ya nguvu yake. Kapteni alileta 5052, ambayo nguvu yake inatokana na magnesiamu iliyochanganywa ndani na kule kupitishwa kwenye rola, haitegemei kupikwa. Ukiichomelea inapoteza, ila haikusaliti. Alilitoa Nairobi, karatasi tatu, na bei yake sitaitaja maana nitaumwa tena kichwa. Bamdogo akalisimamisha ukutani akaliwekea turubai kama bibi harusi, akaniambia, "Hili siyo bati la sufuria. Huligusi."

Wiki mbili sikuligusa. Nilikuwa nachomelea vipande vya alumini chakavu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka mitatu ya msuli haijafika mikononi. Chuma kikipata moto kinakutaarifu, kinakuwa chekundu, kinakuwa cha chungwa, unajua muda unakwisha. Alumini haikwambii kitu. Inakaa na rangi yake ile ile, nyeupe, mpaka ghafla inaporomoka na unabaki na tundu. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, lakini ile ngozi nyembamba ya oksaidi juu yake haiyeyuki mpaka uvuke nyuzijoto 2,000. Kwa hiyo ndani ni maji, nje ni mfuko. Ndo maana tunatumia mkondo geu: nusu ya mzunguko inavunja ile ngozi, nusu nyingine inayeyusha. Na joto lake linakimbia, unachomelea kona hii unaungua kidole kona ile.

Na usafi! Bamdogo fundi wa makarasha, mtu ambaye shati lake lina grisi toka mwaka juzi, kwenye alumini anakuwa kama daktari wa upasuaji. Asetoni kwanza, halafu brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma, halafu hakuna kushika kwa mkono mtupu. Siku moja nilitumia ile brashi kwenye bomba la chuma. Akaichukua, akaitupa kwenye pipa la taka, akaniambia kesho nije na mpya kwa hela yangu.

Wiki ya tatu tukaanza. Tulikunja bati kingo zikutane nje ya kona, ili mshono uyeyushe kingo zenyewe na fimbo ya 5356 iongeze kidogo tu. Ndani tukaweka kuta mbili zenye matundu. Hizi kazi yake mbili: zinazuia mafuta yasipige mbio huku na huku ndege ikiinama, maana yakikimbilia upande mmoja bomba la kutokea linanyonya hewa na injini inakata, na zinashika bati la juu na la chini yasifutuke. Chini kabisa tukaweka kidimbwi kidogo chenye koki, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli, yanashuka hapo, na rubani kila asubuhi kabla ya kuruka anayatoa. Kwenye mdomo wa kutokea tukaweka kichujio cha wavu. Juu tukaweka bomba la pumzi. Kapteni alisisitiza sana hilo bomba liwekewe wavu, akasema adui yake mkubwa kanda hii ni nyigu wale wa udongo, nyigu mmoja anajenga usiku kucha, asubuhi tangi haliwezi kuvuta hewa, na mafuta hayashuki.

Nikachomelea mimi. Bamdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono begani, akiona naharakisha ananibana. Siku tano. Jumatano jioni tangi la kwanza likafungwa mshono wa mwisho na nikalipiga picha kumi na saba.

Ijumaa mwalimu wa chuo alikuwa anakuja kukagua. Jumamosi Kapteni anakuja. Kwa hiyo Alhamisi ikawa siku ya kupima.

Kupima tangi kuna mtego. Watu wanataka kuchukua kompresa ya mtu wa pancha wajaze upepo. Usithubutu. Tulipima kwa mpira wa levo, ule mpira wa uwazi wa mafundi ujenzi. Unaujaza maji, unaukunja kama herufi U kwenye mbao ndefu, upande mmoja unaunga kwenye tangi, unajaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka maji ya upande wa pili yapande mita moja zaidi. Mita moja tu ya maji. Mfuniko wa tangi letu ni sentimita 80 kwa 40, mita moja ya maji juu yake ni lita 320, sawa na kilo 320, kama magunia matatu ya mahindi yamekaa juu ya bati la milimita 1.2. Kwa kompresa ya pancha ungeweka matani. Sheria za Marekani za ndege ndogo za kiwandani zilidai matangi ya aina hii yapimwe kwa paundi 3.5 kwa inchi ya mraba, hiyo ni karibu mita mbili na nusu za maji. Sisi hatukufika huko na kwenye ripoti nimeandika hatukufika.

Tukajaza. Bamdogo akapaka povu la sabuni kila mshono. Mishono mirefu yote kimya. Kona ya nyuma kushoto, povu likaanza kutoa mapovu madogo kama mate ya mtoto. Ilikuwa ni pale nilipomalizia mshono na kuinua mkono haraka. Alumini ikiganda inasinyaa sana, na ukikata moto ghafla lile dimbwi la mwisho linapasuka katikati, ufa kama unywele. Dawa yake ni kuachia pedeli taratibu huku unaongeza fimbo. Nilikuwa naijua, niliifundishwa, nilichoka tu. Bamdogo akasema, "Rudia kona hiyo," akapanda bodaboda kwenda Bugarama kwenye karasha la mtu.

Nikarudia. Ufa ukahama, ukatokea pembeni kidogo. Nikarudia tena, ukarefuka. Saa kumi jioni, nikiwa najiandaa mara ya tatu, umeme ukakata.

Wadau, nilikaa na lile tangi mpaka saa mbili usiku. Umeme haukurudi. Mwalimu anafika kesho saa nne asubuhi, field ina maksi zake, na mwaka wa pili nilishapata sapu mbili mnazozijua. Nikaenda dukani nikanunua gundi ya chuma, ile ya mirija miwili unayochanganya. Nikalisugua lile eneo, nikapaka kwa tochi ya simu, nikalainisha kwa kidole chenye mate. Ilipokauka nikaipitisha msasa na kuipaka vumbi la alumini. Ukiangalia huoni. Nililala vizuri, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ijumaa umeme bado hamna, lakini pampu ya baiskeli haihitaji umeme. Mwalimu kafika, kanisalimia, nikamfanyia maonyesho. Maji yakapanda mita moja yakasimama. Dakika ya kumi na tano yakaanza kushuka. Sentimita moja, mbili, tatu. Nikahisi tumbo linayeyuka. Kumbe lilikuwa wingu limefunika jua: upepo ndani ya tangi ukipoa nyuzi moja tu, maji yanashuka kama sentimita tatu. Wingu likapita, maji yakapanda. Nikamweleza mwalimu jambo hilo kwa sauti ya kitaalamu kabisa, akafurahi sana, akaandika kwenye daftari langu "kazi nzuri sana" na sahihi. Bamdogo alikuwa amerudi usiku kutoka Bugarama, alisimama mlangoni muda wote, hakusema neno.

Mwalimu alipoondoka bamdogo akakaa kwenye ndoo, akawasha sigara, akaniuliza taratibu:

"Ulichomelea saa ngapi?"

"Jana bamdogo. Jioni."

"Umeme umekata toka saa kumi."

Sikuwa na jibu. Akainuka, akaichukua bisibisi, akakwangua ile kona. Gundi ikatoka kama ganda la kidonda.

Nilitegemea makofi. Badala yake akakunja mkono wa shati. Mkono wake wa kushoto una kovu toka kiwikoni mpaka karibu na bega, tumelizoea toka wadogo, tulikuwa tunaambiwa aliungua. Siku hiyo ndo akanieleza. Zamani, kabla ya mgodini, alikuwa anafanya kazi na kijana mwenzie, wa Runzewe. Wakaletewa pipa la petroli, tupu, lilikuwa limekaa tupu miezi, wakatwe mfuniko lifanywe la maji. Wakaliosha kwa Omo. Wakanusa, halina harufu. Yule kijana akaweka moto. Bamdogo alikuwa ameinama kuchukua koleo, ndo maana aliungua mkono tu. Mfuniko uliokotwa nyumba ya tatu. Yule kijana hakufika hospitali.

"Mnafundishwa hilo chuoni?" akaniuliza.

Tunafundishwa. Mvuke wa petroli ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, cheche moja inatosha. Tangi lililojaa ndani yake mvuke umezidi hauna hewa ya kuwakia. Tupu ndo baya, na mafuta yanajificha kwenye mikunjo na kutu na yanaendelea kutoa mvuke baada ya kuoshwa. Nilijibu hilo swali kwenye mtihani nikapata zote.

"Sasa sikiliza," akasema. "Gundi yako ingeshika mwezi, miwili. Kapteni angeweka mafuta. Halafu siku moja anaona linatoa jasho pale konani. Anakuja hapa. Mimi nachukua tochi. Umeelewa? Tangi unaweza kulichomelea kwa amani kabla halijanywa petroli. Likishakunywa, limeshakuwa pipa."

Mimi nilikuwa nafikiria maksi, na kidogo nilikuwa nafikiria Kapteni angani. Hata siku moja sikuwaza kwamba yule ufa nilikuwa nauhifadhia mtu wa kuja kuurekebisha, na kwamba mtu huyo, Kakola yote, alikuwa ni mmoja tu.

Jumamosi Kapteni kafika. Bamdogo akasema, "Injinia ana neno." Nikalisema. Lilikuwa neno refu na nililirudia mara mbili maana mara ya kwanza sauti haikutoka. Kapteni hakukasirika, ila aliuliza, "Kona ipi?" Nikamwonyesha. Akapitisha kidole gumba pale kwenye ufa, mara kadhaa, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akasema yeye ataruka na mjukuu wake. Halafu akasema, "Kata."

Tulikata kwa msumeno wa mkono, sentimita sita kila upande, tukavuka ufa na tukavuka mahali pote gundi ilipogusa, maana gundi ikiungua inaacha masizi na mshono hautashika hapo. Tukatengeneza kipande kipya cha kona, cha mviringo, ili mishono mitatu isikutane sehemu moja. Umeme ulikuwa umerudi. Nilichomelea mimi, na mwishoni nikaachia pedeli taratibu kama ninaachia mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Halafu tukapima siku nzima, saa moja asubuhi mpaka saa moja asubuhi ya pili, ili ubaridi uwe ule ule. Mchana maji yalipanda, usiku yakashuka, asubuhi yakarudi pale pale, pungufu ya nusu sentimita. Povu kimya pote. La pili lilituchukua siku nne na halikuwa na ufa.

Jumatatu nikampigia mwalimu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayasoma kama mtoto wa shule. Upande wa pili kimya mpaka nikadhani vocha imeisha. Akasema, "Andika yote kwenye ripoti." Nikaandika yote, pamoja na ukurasa mzima wa gundi, na picha ya ile kona tuliyoikata. Matokeo mmeshayaona ubaoni. Nimepata C. Kuna watu wananiambia ningenyamaza ningepata A, tangi si lilishapona? Kweli lilishapona. Sina hoja ya kuwashinda, ila nikifumba macho naona ule mkono wa bamdogo umekunjwa shati.

Ndege haijaruka bado. Matangi yameshafungwa kwenye mabawa, Kapteni anahangaika na makaratasi, maana bila TCAA kuridhika hakuna mtu anayeinua ndege ardhini, na mimi sasa naona ni sawa kabisa mtu mwingine aje akwangue konani kwa bisibisi yake. Siku ikiruka nitawaambia, nimeahidiwa kupigiwa simu.

Ile kona iliyopasuka bamdogo ameipigilia msumari ukutani kibandani, juu ya mitungi ya agoni. Wateja wa makarasha wanauliza ni nini, anawaambia ni cheti cha mtoto wa kaka yake. Na jana usiku nimempigia kumwambia nimemaliza sura ya tatu ya projekti, ile niliyoikwepa mwezi mzima. Akanyamaza kidogo, akaniuliza:

"Huko umeme upo?"

Ngoja nikalale, kesho kuna testi saa mbili na sijagusa kitu. Nawakilisha.